Kufuli inaangaliaka adui wa jana

Leo sitaandika juu ya mahindi wala mbolea vile mulinizoea. Leo ni historia, na hii historia inaanzia kwa mlango wa kwetu.

Mwaka uliopita, mu mwezi wa saba, wakati baridi ya Likasi inakuwa kali na kila mtu analala mapema, wezi waliingia kwetu. Tunakaa Kikula: mama, yaya wangu, mdogo wetu wa kike na mimi. Lupango yetu iko na ukuta wa matofali unaopita kichwa cha mtu mrefu, na pale juu marehemu baba alipanga vipande vya chupa. Madirisha yote yako na antivoli. Kwa mlango wa mbele kuko kufuli mbili. Wezi hawakugusa hata moja. Walishika tawi la mwembe wetu lililotoka nje kwa barabara, wakatembea juu yake mpaka kwenye bati la jiko, wakashuka polepole. Walibeba paneli ya jua, batri yake, sufuria mbili na mfuko wa unga. Na mimi, agronomi mwenye lisansi, nilikuwa nasema kila mwaka kwamba nitakata lile tawi.

Asubuhi yaya alikuwa na jibu tayari: "Tuongeze matafari, mistari tatu. Na chupa ingine pa yulu."

Mama alikuwa anafagia. Hakuinua hata kichwa. Akasema: "Ukuta? Mwizi hapitake paka ku ukuta. Mu 92 manyumba ya ukuta haikukuwako? Benyewe beko wapi leo?"

Hakuna aliyemjibu. Lakini lile swali lilinifuata. Kwa miezi kadhaa niliuliza mama, nikauliza nkambo yangu aliyekulia mu kampi ya Panda na ambaye akili yake ingali wazi, nikauliza wazee wa avenyu, nikasoma vile nilivyopata juu ya mji wetu. Nilichokuta ni hiki: karibu kila mara nyumba za watu wetu zilipoharibiwa, kufuli ilikuwa imefungwa vizuri. Ila ilikuwa inaangalia upande ambao adui alitokea mara ya mbele. Yeye safari hii alipita pengine.

Ua wa wote

Neno lupango tunalisema kila siku. Liko hata mu Kibemba, na maana yake ni ua, kitu kinachozungusha. Leo mtu akisema "nilinunua lupango" anataka kusema parsele nzima, na yake peke yake. Zamani ua ulikuwa wa watu wote. Mu karne ya 19, wakati misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita mu savana ya Katanga, na Msiri alitawala kutoka Bunkeya, vijiji vingi vilijizungushia miti iliyosimikwa karibu karibu. Ndani yake nyumba zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Mlango wake mtoto angeusukuma kwa mguu. Hakuna aliyejali mlango, sababu adui alikuwa mtu wa nje anayekuja kuteka watu. Ulinzi ulikuwa ua mmoja, lango moja na macho mengi.

Basanga, wenyeji wa nchi hii tunayokaa, waliasi dhidi ya Msiri mu 1891. Tarehe 20 ya mwezi wa 12 mwaka ule ule Msiri aliuawa kwa risasi wakati wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa faida ya Leopold II. Ua wa miti ulikuwa unaangalia porini. Adui aliyefuata alikuja na ramani, bendera na mikataba, na ua wa miti haukuwa na dawa ya karatasi.

Nyumba nzuri, ufunguo wa mwengine

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mu 1906. Reli ilifika Elisabethville mu 1910, kisha ikaendelea kupanda upande wetu. Mu 1931 mji ukapewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mkubwa wa Société Générale ya Ubelgiji. Likasi ilirudishiwa jina lake mu 1966.

Mbele, kampuni ilikuwa inachukua wanaume peke yao kwa mikataba mifupi, na wengi walikuwa wanakufa ao kutoroka. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 ilibadilisha siasa: mfanyakazi alete bibi na watoto, akae miaka. Njo pale kampi zikajaa jamaa. Nkambo anakumbuka Panda: nyumba za matofali kwa mistari, maji ya bomba, posho, dispansari, shule. Mgeni akitaka kulala lazima ofisi ya kampi imujue. Walinzi walizunguka usiku. "Mwizi angetoka wapi?" anasema nkambo. "Mu mwezi wa kumi, na ile joto, tulikuwa tunalala na dirisha wazi."

Nilitaka kuandika kwamba huo ulikuwa wakati wa usalama. Lakini nkambo yule yule, mu mazungumzo yale yale, akaniambia habari za batumbula. Wengi wenu mulisikia kwa wazee: watu waliosemekana kuvizia Waafrika usiku na kuwapeleka kwa Wazungu, kisha hawaonekane tena. Wanahistoria walikusanya habari hizo Katanga na sehemu zingine za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Usiku ukiingia, watoto waliitwa ndani na mlango ukasukumwa kiti. Mtu aweza kucheka. Mimi sicheke tena. Ona vile ilivyo: watu wenye mlinzi kwa lango walikuwa wanaogopa mwenye kuwalipa mlinzi. Walijua kitu fulani, hata kama walikisema kwa njia ya hadithi.

Sababu nyumba haikuwa yao. Ilikwenda na kazi. Baba akifukuzwa, ao akifa, jamaa inatoka. Upande wa mji wa Wazungu, Mwafrika akitembea usiku lazima awe na karatasi ya ruhusa, na huku maboi walikuwa wanachunga funguo za nyumba ambazo wao wenyewe hawangelala ndani. Mu 1965 mmoja wao, André Yav, aliandika historia ya Elisabethville katika Kiswahili chetu hiki hiki cha Katanga, kwa ajili ya chama cha maboi wa zamani. Wale waliofunga na kufungua milango ya wengine walikumbuka mengi.

Tukutane wapi?

Uhuru ulikuja tarehe 30 ya mwezi wa 6, mwaka 1960. Siku kumi na moja kisha yake, Moïse Tshombe akatangaza Katanga kuwa nchi ya pekee. Mu mwezi wa 9 mwaka 1961, askari wa Irlandi wa ONU, karibu 150, walizungukwa hapa Jadotville, wakapigana siku tano mpaka risasi na maji vikaisha. Wengi kati yenu mulitazama filme yake iliyotoka 2016. Ilichukuliwa Afrika ya Kusini, na watu wa mji huu hawaonekane ndani sana. Lakini nkambo alikuwako. Mu mwanzo wa mwezi wa kwanza 1963 askari wa ONU waliingia mjini, na kujitenga kwa Katanga kukaisha mwezi ule ule.

Nilimuuliza: mulijilindaje? Akajibu kwamba hakuna nyumba iliyojilinda. Watu walibeba magodoro na vyungu wakaenda kwa bandugu mu mapori. Walinzi wa kampi nao walikuwa na watoto wao wa kubeba. Baba yangu, mtoto mdogo wakati ule, alipotea siku mbili. Alishika nguo ya mwanamke mwengine mu ule mkimbio, akafikiri ni mama yake. Walimukuta salama. Nkambo hasemi juu ya risasi, anasema paka hii: "Hakuna mutu alisema mbele, kama tunatawanyika, tukutane wapi."

Hilo ni neno la bure, halihitaji simenti. Na mu nyumba nyingi za leo halijasemwa bado.

Ufunguo mu kopo

Sasa nafika kwa swali la mama.

Mali ya Union Minière ilichukuliwa na serikali mwanzo wa 1967, na kampuni ikawa ile tunayoita leo Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mu mwezi wa 9 mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mu 1991 askari wakaanza kupora Kinshasa, na uporaji ukafika miji mingine. Mu 1993 uzalishaji wa shaba ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mishahara ikawa maji. Watu wenye njaa walihitaji mtu wa kumuwekea lawama, na siasa ikawaonyesha jirani.

Tarehe 15 ya mwezi wa 8, mwaka 1992, Kongamano la Kitaifa kule Kinshasa lilichagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, awe waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Mu majuma yaliyofuata, hapa Likasi, jamaa zenye asili ya Kasai zilifukuzwa mu nyumba zao. Wengi walizaliwa hapa. Babu zao waliletwa na kampuni yenyewe, kwa reli yenyewe. Makumi ya maelfu ya watu walikaa ku gare na mu mashule, mu mvua, wakingoja treni ya kwenda Kasai. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, pale ao njiani. Mu 1993 ikawa zamu ya Kolwezi.

Ng'ambo ya nyumba yetu kulikuwa jamaa moja. Sitataja jina lao. Baba wa nyumba ile alikuwa na ukuta mzuri kupita wote mu avenyu, na lango la chuma alilochomelesha mwenyewe. Usiku mmoja bibi yake alivuka barabara, akampa mama yangu ufunguo. "Unichungie. Vitu vikitulia, nitarudi." Mama alikuwa mke kijana, hata yaya hakuwa amezaliwa. Akauchukua. Juma halikuisha, watu wengine walikuwa wanalala mule. Walivunja lile lango? Hapana. Walifunguliwa na mtoto wa avenyu aliyejua mahali ufunguo wa pili unafichwa.

Niliuliza mama: na mweye, mulifanya nini? Akanyamaza sana, kisha akasema: "Hatukupiga mutu. Hatukuiba kitu. Lakini hakuna mutu alitoka inje kusema hapana. Na shiye hatukutoka."

Naandika hilo kwa ruhusa yake. Alisema vijana wenye diplome wasome.

Ule ufunguo ungali kwetu, mu kopo ya maziwa, pamoja na vifungo na sindano. Nilikuwa ningali mu shule ya sekondari wakati mwanaume mmoja alikuja kusimama mbele ya ile nyumba. Alikuwa mtoto wao, sasa mtu mzima. Hakuwa na karatasi hata moja, zote zilibaki mu kabati siku ile. Mama alimupatia bukari, akamletea lile kopo. Akautazama ufunguo mkononi, akaurudisha: "Uchunge tu, mama. Mulango benyewe balishabadilisha."

Tangu nilipoelewa hiyo habari, mtu akiniambia "jirani njo ukuta wa kwanza", naitika, lakini polepole. Jirani ni ukuta kama unamujua na yeye anakujua, na kama mulishakubaliana, mu siku za amani, kwamba mutatoka nje. Bila hiyo, jirani ni mtu anayejua mahali unaficha ufunguo wa pili.

Hatari ya chini, hatari ya ndani

Mu 2003, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka mu ule mpango ulioitwa départs volontaires, uliolipwa kwa pesa za Banki ya Dunia. Wakati ule ule vijana walijaa mu migodi ya mikono. Pesa zilianza kutembea tena, lakini kwa watu wachache, na kuta zikapanda: simenti, antivoli, zamu wa usiku, mbwa. Ukuta wetu baba aliujenga wakati huo.

Halafu hatari ikatoka mahali ambapo hakuna ukuta unafika. Kule Kolwezi, mu kartie ya Kasulo, karibu 2014, mtu alichimba mu lupango yake akakuta madini ya kobalti. Habari ikaenea, na watu wakaanza kuchimba mu malupango yao, hata ndani ya vyumba. Mashimo yakapita chini ya nyumba za majirani, kuta zikapasuka, wengine wakafukiwa. Mu 2017 sehemu ya kartie ilipewa kampuni, wenyeji wakahamishwa, ikazungushiwa ukuta. Unaweza kuwa na kufuli tano, na sakafu yako ikaondoka.

Na iko hatari ya ndani kabisa. Mu baridi jamaa zinaingiza babula mu chumba cha kulala, zinafunga madirisha. Makala yakiwaka mahali hewa haiingie, yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi. Mtu analala na haamke. Madirisha yaliyozibwa vizuri juu ya wezi yanafunga ile gesi ndani pia.

Ya mwisho ni ile iliyotupata sisi. Baba alikufa mu 2019. Matanga yalikuwa hayajaisha vizuri wakati baba mudogo mmoja alikuja na wazee wawili kusema nyumba ni ya ukoo, mama apatiwe wakati wa kujitayarisha. Aliingia kwa lango, mchana, tukampa kiti. Ule ukuta na chupa zake ungemfanya nini? Tulibishana karibu miaka miwili. Kilichotuokoa ni karatasi mbili: cheti cha ndoa kilichoandikwa ku komini, na karatasi ya lupango yenye jina la baba, ambayo mama alikuwa ametoa kopi na kuiweka kwa rafiki yake. Sababu ile ya asili haikuonekana tena mu kabati kisha ya matanga. Sisemi nani aliichukua.

Ninyi wa sheria mutanisaidia, lakini haya tuliyasoma wenyewe usiku kwa tochi. Sheria ya tarehe 20 ya mwezi wa 7, mwaka 1973, inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Mtu anapata haki ya kuutumia, na karatasi yenye nguvu kamili ni certificat d'enregistrement. Ikipita miaka miwili tangu itolewe, ni vigumu sana mtu kuipinga. Fiche ya parsele, ao karatasi ya kuuziana yenye mashahidi wanne, ni hatua za njiani, si mwisho. Na Kode ya Jamaa ya 1987 inawapa watoto robo tatu ya urithi, na mjane haki ya kuendelea kukaa mu nyumba aliyokaa na mume wake. Baba mudogo hakujua hilo. Hata sisi hatukujua.

Tulichofanya

Hatukuongeza matofali. Yaya alinuna juma moja, kisha tukakaa wote wanne, tukajiuliza kila adui wa ile historia angepita wapi leo. Haya njo tuliyofanya, na mengi hayakuomba hata franka.

1. Nilikata lile tawi, na kila tawi lililo karibu na ukuta ao na bati. Ua wa majani uliokuwa unaficha dirisha la nyuma niliupunguza mpaka kiunoni. Ua mrefu unamficha mwizi kuliko unavyomficha mwenye nyumba. Chini ya madirisha nilipanda bougainvillea na mkonge. Miiba inafanya kazi usiku bila mshahara.

2. Kiangazi kikianza tunafyeka nyasi kuzunguka nyumba na nje ya ukuta mpaka udongo uonekane. Moto wa porini unakosa njia, na nyoka anakosa maficho. Fremu za milango tunazichunguza juu ya mchwa. Mlango wa mbao ulioliwa ndani, kufuli yake ni pambo.

3. Ufunguo wa pili haukai tena chini ya chungu cha maua. Uko kwa mtu mmoja tunayemwamini, na sisi tunachunga wa kwake.

4. Tulienda kwa majirani sita, mlango kwa mlango, mchana. Tulikubaliana sauti: mtu akipiga sufuria usiku, kila nyumba inawasha taa na kupiga pia, hakuna kutoka peke yake. Tulisema pia, kwa mdomo, kwamba akija mtu kufukuza jamaa yoyote mu hii avenyu, tutatoka wote, iwe jamaa ya wapi. Mzee mmoja alilia pale. Alikuwako mu 92.

5. Babula haivuke mlango wa chumba cha kulala. Inapikia nje, inazimwa nje. Kuran inapokatika, mtu anazima mashine zote, maana ikirudi kwa nguvu inaweza kuunguza nyaya.

6. Kila karatasi ya nyumba iko na kopi tatu: moja mu mfuko usioingia maji karibu na mlango, moja kwa rafiki wa mama, moja picha mu simu zetu zote. Mfuko ule uko pia na vyeti vya kuzaliwa, cha ndoa, diplome, na pesa kidogo. Tulianza njia ya kupata certificat d'enregistrement. Ni ndefu, tunaenda pole pole.

7. Tulichagua mahali pa kukutana tukitawanyika. Hata mtoto wa yaya, mwenye miaka minne, anajua kupataja, na anajua jina lake kamili na la mama yake. Hapa siandike mahali penyewe, na mweye musiandike penu. Vile vile tukisafiri, picha za safari tunaziweka tukisharudi.

Yaya alipoona hiyo orodha aliuliza: na ukuta? Ukuta ubaki. Kufuli zibaki. Mwizi wa jana angaliko, haina maana kumufungulia. Ila mara moja kwa mwaka, mu mwezi wa tano mvua ikishaisha, tunazunguka nyumba pamoja, nje na ndani, na kila mmoja anasema angepita wapi kama angekuwa adui. Safari ya kwanza, mdogo wetu wa kike alisema: "Mimi ningeita paka mama kwa simu, niseme niko mutoto wake mu taabu, atume makuta." Tulicheka. Juma lililofuata mama alipokea simu ya namna ile. Alikata, akaniita mimi kwanza.

Sisi wenye lisansi tunafikiri kuchunga nyumba ni kazi ya wazazi mpaka siku tunaijenga yetu. Hapana. Wengi wetu tungali kwa wazazi, tukingoja kazi, na tuko na wakati. Jumapili hii uliza mama yako ao nkambo yako maswali mawili tu: karatasi ya hii nyumba iko wapi, na iko na jina la nani? Halafu uliza la tatu, kama una moyo: mu 92 mulikuwa wapi?

Mama alisoma hii kabla sijaituma. Aliomba nisahihishe kitu kimoja. Nilikuwa nimeandika kwamba ufunguo ule hauna kazi tena. Akasema: "Iko na kazi. Kama balikuya kuuliza, bakute tuliuchunga."